Utafiti wetu wa afya unafia kwenye andiko

Februari 2025 yalitokea mambo mawili ndani ya mwezi mmoja, na ni wachache walioyaweka meza moja. Mwanzoni mwa mwezi, Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhiwa jijini Dar es Salaam tuzo ya Goalkeepers ya Taasisi ya Gates, kwa sababu vifo vitokanavyo na uzazi nchini Tanzania vilionekana kushuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Kabla mwezi haujaisha, serikali ya Marekani ilivunja mkataba wa mpango wa tafiti za kidemografia na afya unaojulikana kama DHS, mpango ule ule uliozaa tarakimu hizo mbili. Tangu hapo, na hasa baada ya USAID, shirika la misaada la Marekani, kufungwa rasmi tarehe 1 Julai, mjadala wa utafiti wa afya Afrika Mashariki umekuwa mjadala wa pesa: nani atalipa, nani ameachishwa kazi, mradi gani umesimama katikati ya njia.

Pesa ni tatizo la kweli, na sitalibeza. Kuna vijana waliosomea takwimu na maabara ambao leo wako nyumbani. Lakini nadhani tumeusoma msiba huu vibaya. Udhaifu mkubwa wa tafiti zetu za afya, zile zinazokusudiwa kutumika na siyo kupamba majarida tu, ulikuwapo tangu pesa zilipokuwa zinamiminika, na uko kwenye hatua ya kupanga. Tunaanza na tangazo la mfadhili, tunafuata na dodoso, na mwisho kabisa, matokeo yakishatoka, ndipo tunamtafuta mtu wa kuyatumia. Kazi ya namna hii ilipaswa kupangwa kuanzia mwisho: kwanza uamuzi unaosubiriwa, mtu atakayeufanya na mwezi atakaoufanya, ndipo zije sampuli, dodoso na bajeti. Bila mageuzi hayo, hata shilingi zetu wenyewe zitatununulia ripoti zile zile za zamani.

Tuitendee haki DHS kwanza. Mpango ulianza 1984, ukafika katika nchi zaidi ya 90, na Tanzania imekuwa ndani yake tangu utafiti wa 1991-92. Katika awamu ya 2022, Ofisi ya Taifa ya Takwimu na wenzao wa Zanzibar waliwahoji wanawake zaidi ya 15,000. Namna vifo vya uzazi vinavyopatikana humo ni ya busara: mwanamke anaulizwa kuhusu dada zake wa tumbo moja, yupi yuko hai, yupi amefariki, na aliyefariki kama alikuwa mjamzito, akijifungua, au ametoka kujifungua. Kwa kuwa vifo vinavyotajwa kwenye sampuli ni vichache, hujumlishwa vya miaka kadhaa iliyotangulia, na tarakimu inayotoka ina ukingo mpana wa makosa. Ndiyo maana makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa kipindi kinachokaribiana na hicho yako juu zaidi ya maradufu ya 104 bila mtu yeyote kuwa amedanganya. Tarakimu hiyo inaiambia nchi inaelekea wapi. Haimwambii Mganga Mkuu wa Wilaya ya Kilindi au Kaliua kama akina mama wake wanafia kwenye kukosa damu, kwenye gari la wagonjwa lisilo na mafuta, au kwenye zamu ya usiku yenye muuguzi mmoja. Matokeo ya DHS huishia ngazi ya mkoa. Bajeti ya dawa, mafuta na zamu hupangwa halmashauri. Taasisi ya Gates baadaye ilitoa fedha za kunusuru baadhi ya tafiti zilizokuwa njiani, na hilo ni jambo jema. Ila hata DHS ikirudi yote kama ilivyokuwa, pengo hili la halmashauri litabaki lilivyo.

Pengo hilo lilipaswa kuzibwa na tafiti ndogo, za karibu, zenye swali moja. Tunazo nyingi, na aliyewahi kuzisogelea anaujua mtiririko wake. Tangazo la mfadhili linatoka na muda ni mfupi. Mtafiti mkuu, ambaye mara nyingi yuko chuo cha Ulaya au Marekani, anatafuta mshirika Tanzania, Kenya au Uganda kwa kuwa tangazo linataka awepo mshirika. Maswali yameshaandikwa, mshirika anaombwa wasifu wake, barua ya kuunga mkono, na makadirio ya magari, mafuta na posho za wadodosaji. Andiko la kuombea fedha likipita, kinafuata kibali cha maadili, halafu barua ya mkoa, barua ya wilaya, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Mganga Mkuu wa Wilaya anakutana na utafiti mara ya kwanza kwenye barua ya kuomba ruhusa. Mara ya pili anakutana nao kwenye kikao cha kuwasilisha matokeo, miaka mitatu baadaye, kama bado hajahamishwa. Slaidi ya mwisho inasema utafiti zaidi unahitajika. Kuna maji ya chupa, nauli, picha ya pamoja. Katika safari nzima hiyo hakuna aliyelazimishwa kujibu swali moja: jibu likiwa hivi badala ya vile, nani atafanya nini tofauti? Kama majibu yote mawili yanampeleka mganga kwenye hatua ile ile, basi kazi hiyo inaweza kuwa sayansi nzuri tu, ila jina la utafiti wa kutumika haistahili.

Tanzania ina mfano wa kinyume chake, na inashangaza jinsi unavyotajwa kwa nadra nyumbani. Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilichapisha ripoti yake ya maendeleo ya dunia iliyohusu afya, ikadai kwamba nchi maskini ingeweza kupunguza mzigo wa maradhi kwa robo kwa kutumia takriban dola 12 kwa kila mtu kwa mwaka, mradi huduma zichaguliwe kwa kuangalia ukubwa wa ugonjwa na gharama ya kuudhibiti. Wakosoaji walikuwa wengi. Wizara ya Afya na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Kanada, IDRC, wakaamua kuijaribu hoja hiyo Rufiji na Morogoro Vijijini, wilaya mbili zilizokuwa na watu wapatao 700,000 kwa pamoja. Mradi ukaitwa TEHIP. Haukuuliza kama chandarua kinakinga malaria. Hilo lilikuwa linajibiwa na wengine. Uliuliza swali la mtu aliyeshika kalamu ya bajeti: timu ya afya ya wilaya ikipewa taarifa za kinachoua watu wake, pamoja na nyongeza ndogo ya fedha inayoweza kuzipangia yenyewe, je, itapanga tofauti? Na ikipanga tofauti, vifo vitapungua?

Taarifa hizo hazikuweza kutoka zahanati, kwa kuwa karibu asilimia 80 ya vifo vilitokea nyumbani. Kwa hiyo wadodosaji walipita kaya kwa kaya, mzunguko baada ya mzunguko, wakiandika waliozaliwa, waliohama na waliokufa. Penye kifo, mtu aliyefunzwa alirudi baadaye akaketi na mama au ndugu wa marehemu na kumuuliza taratibu siku za mwisho zilivyokuwa: homa ilianza lini, mtoto alikakamaa, alipumua kwa shida, mlimpeleka wapi kwanza, mlirudi naye lini. Madaktari waliyasoma majibu na kuamua sababu ya kifo. Hapo hesabu ikaumbua mambo. Morogoro, malaria ilibeba asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini mwaka 1996 ilipewa asilimia 5 ya bajeti ya afya ya wilaya. Kifua kikuu, chenye chini ya asilimia 4 ya mzigo huo, kilipata asilimia 22. Hakukuwa na mwizi katika hesabu hizo. Bajeti ilikuwa imefuata mafungu ya miradi ya ugonjwa mmoja mmoja, pamoja na desturi ya kunakili mpango wa mwaka jana na kuongeza kidogo.

Napenda zaidi namna walivyolifikisha jambo hilo. Hawakumtupia mganga wa wilaya ripoti nene. Walitengeneza vyenzo vya kompyuta vilivyogeuza vifo kuwa nguzo za grafu: upande huu mzigo wa magonjwa, upande ule fedha zinakokwenda, na timu ya wilaya ikazitazama wakati ule ule inapoandaa mpango wake wa mwaka. Nguzo ndefu ya malaria ikiwa kando ya nguzo fupi ya fedha zake haihitaji semina. Mradi ulikuwa tayari kuongeza hadi dola 2 kwa kila mtu; wilaya ziliweza kutumia takriban senti 80, kwa sababu kazi iliyokwama haikuwa ya fedha peke yake. Fedha hizo zilikwenda kwenye mafunzo ya kutibu magonjwa ya watoto kwa pamoja badala ya mojamoja, vyandarua, na redio za mawasiliano za kuunganisha vituo vilivyokuwa vimekatika na makao makuu ya wilaya. Katika miaka ipatayo mitano, vifo vya watoto kwenye wilaya hizo vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40.

Kuna tokeo lingine la Rufiji ambalo lingemfaa kila anayependa kusema tatizo ni elimu ya wananchi. Iliaminika kwamba watoto wenye malaria kali hufa kwa sababu wazazi, wakiona degedege, hukimbilia kwa mganga wa kienyeji kwanza. Familia zilipoulizwa kuhusu vifo vilivyotokana na malaria, zaidi ya robo tatu zilikuwa zimeanzia kwenye tiba ya kisasa. Tafakari tofauti ya bajeti hapo. Aliyeshika imani ya kwanza angenunua mabango na vipindi vya redio vya kuwakemea wazazi. Aliyeshika tokeo la pili anauliza kwa nini mtoto aliyefikishwa kwenye huduma alikufa: dawa zilikuwapo, nani alimpokea, rufaa ilichukua muda gani. Dodoso moja lililopangwa vizuri limehamisha lawama kutoka kwa mzazi hadi kwenye mfumo, na lawama ikihama, fedha nazo zina sababu ya kuhama.

Msomaji makini atasema: ulijuaje kwamba ni TEHIP iliyopunguza vifo? Swali halali. Vifo vya watoto vilikuwa vinashuka nchi nzima, kutoka 147 kwa kila vizazi hai 1,000 katika utafiti wa 1999 hadi 112 katika ule wa 2004-05, na wilaya zile mbili hazikuchaguliwa kwa kura ya bahati nasibu. Tathmini nyingine ililinganisha Morogoro Vijijini na Rufiji na jirani zao Kilombero na Ulanga, ikakuta vifo vya watoto chini kwa asilimia 13 kwenye wilaya zilizotumia tiba ya pamoja ya magonjwa ya watoto, tofauti ambayo bahati haikuweza kuondolewa kabisa ndani yake. Na hao jirani wa kulinganishwa nao walikuwa na mradi wao mkubwa wa vyandarua, ule wa chapa ya Zuia Mbu, uliohusishwa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto. Hakuna eneo linalokaa kimya likisubiri mtafiti amalize. Kwa hiyo uthibitisho wa TEHIP haukuwa wa kiwango cha maabara. Ulikuwa wa kiwango kilichotosha kwa uamuzi uliokuwa mezani, yaani kama wilaya zipewe uhuru na vyenzo vya kupanga zenyewe. Kupanga utafiti ni pamoja na kujua uamuzi gani unahitaji uhakika wa kiasi gani. Dawa mpya kabla ya kuwekwa mdomoni mwa mtoto inataka uhakika mkubwa kuliko kuhamisha fungu la semina kwenda kwenye dawa.

Jambo la pili ambalo andiko la kawaida halilijali ni kalenda. Kenya ina somo zuri la vyandarua. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wa Wellcome ya Uingereza walianza kuwafuatilia watoto wa vijijini katika wilaya nne, Bondo, Kisii, Kwale na Makueni, mwaka 2004, chandarua kilipokuwa kinauzwa madukani: watoto waliolala kwenye chandarua chenye dawa walikuwa kama asilimia 7. Vilipouzwa kwa bei ya punguzo kliniki, 2005, wakafika kama 24. Serikali ilipogawa bure mwaka 2006 wakafika 67, na pengo kati ya kaya maskini na zenye uwezo likakaribia kufutika. Agosti 2007 Shirika la Afya Duniani likatoa msimamo wa kutaka vyandarua vigawiwe kwa wingi, bure au kwa ruzuku kubwa. Watafiti hao hawakusubiri sera ibadilike ndipo waombe fedha za kuitathmini. Walikuwa wameshatega mizani barabarani, na sera zikapita juu yake moja baada ya nyingine.

Palibaki pingamizi moja la kiburi kidogo: kitu cha bure hakithaminiwi, watu watavulia samaki. Wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas walilipima kwenye kliniki 20 za wajawazito magharibi mwa Kenya, wakapanga kwa kura zipi zitoe chandarua bure na zipi zitoze bei, ya juu kabisa ikiwa shilingi 40 za Kenya. Kwa shilingi 40 waliochukua walipungua kwa asilimia 60, na waliolipa hawakuvitumia zaidi ya waliopewa bure. Kazi hiyo ilitoka rasmi kwenye jarida mwaka 2010. Ni kazi bora, na bado inawatuliza wabishi, ila anayetaka kushika mkono wa waziri asiitumie ratiba ya majarida. Halmashauri ya Tanzania huandaa mpango na bajeti kati ya Novemba na Februari, Bunge hukaa kuanzia Aprili, mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Matokeo yanayofika Machi yamechelewa mwaka mzima, hata yakiwa sahihi kwa kila nukta. Sijaona maandiko mengi yenye tarehe hizo kwenye jedwali lao la kazi.

Halafu kuna swali lenyewe linavyoumbwa. Jaribio la Mwanza, 1991 hadi 1994, liliuliza kama vituo vya afya na zahanati za serikali zikitibu vizuri magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, maambukizi mapya ya VVU yatapungua. Jamii 12 zilishiriki, nusu zikaanza na nusu zikangoja. Kwa miaka miwili maambukizi mapya yalikuwa asilimia 1.2 kwa zilizoanza dhidi ya 1.9 kwa zilizongoja. Rakai, Uganda, wakajaribu kitu kilichofanana kwa jina: kugawa dawa kwa watu wote nyumbani kila baada ya miezi kumi. Hakukuwa na tofauti. Wengine walisema Rakai imeizima Mwanza. Hazikuwa zikiuliza swali moja. VVU Rakai ilikuwa imeshaenea kwa asilimia zipatazo 16 ya watu wazima, Mwanza 4. Na huduma iliyoko zahanati kila siku si sawa na ziara ya mara moja katika miezi kumi. Mganga wa wilaya wa wakati huo aliyesoma vichwa vya habari peke yake angepotea. Aliyesoma swali angejua lipi linafanana na wilaya yake.

Sasa hoja za wengine. Wapo wanaosema kuondoka kwa Marekani ni ukombozi: tutachagua maswali yetu. Nawaunga mkono kwa roho, ila nawauliza pesa ya kuchagua iko wapi. Tume ya kimataifa ya utafiti wa afya ilipendekeza mwaka 1990 kwamba nchi zitenge angalau asilimia 2 ya matumizi ya taifa ya afya kwa utafiti. Mawaziri wakakumbushana tena Bamako mwaka 2008. Hatujahitaji ruhusa ya mtu kwa miaka yote hiyo.

Dhaifu kuliko zote ni hoja inayosikika sasa maofisini, kwamba tafiti za kaya ni anasa kwa kuwa tuna MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya vituoni, na mifumo ya kidijitali inayokusanya takwimu za kila kituo kila mwezi. MTUHA ni hazina, na watafiti wetu wameidharau mno. Lakini rejesta humhesabu aliyefika. Mtoto aliyefia nyumbani Rufiji hakuwamo kwenye kitabu cha zahanati, na kwa hiyo hakuwamo kwenye bajeti. Mama asiyekuja kliniki haachi safu tupu ya kuonyesha kwamba hakuja. Tena vituo vikiboreshwa, wagonjwa huongezeka vitabuni, na asiyejua atasoma mafanikio kama mlipuko. Kuitegemea MTUHA peke yake ni kurudi kule kule TEHIP ilikotutoa miaka karibu 30 iliyopita.

Hoja nzito ni nyingine, nayo inaelekea kwangu moja kwa moja. Ukisema utafiti uanzie kwa mwenye uamuzi, umemkabidhi mwenye uamuzi rungu. Atachagua maswali yenye majibu mazuri kwake. Desemba 2016 Dk. Mwele Malecela, Mkurugenzi Mkuu wa taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR, alitangaza matokeo ya utafiti uliogundua dalili za virusi vya Zika nchini. Hazikupita siku mbili Rais John Magufuli akatengua uteuzi wake. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ikarekebishwa kwa namna iliyofanya kuwa hatari kuchapisha tarakimu zinazopingana na za serikali, kabla ya vifungu hivyo kulegezwa 2019. Huwezi kuandika kuhusu kupanga utafiti Tanzania ukajifanya hayo hayakutokea. Na ni kweli kwamba mfadhili wa nje, pamoja na ubwana wake wote, wakati mwingine alikuwa mwavuli wa mtafiti mwenye jibu chungu.

Jibu langu ni kutenganisha vitu viwili ambavyo tumezoea kuvifunga kamba moja. Swali lijengwe pamoja na mwenye uamuzi. Jibu lisiwe lake. Mpango wa utafiti, pamoja na namna matokeo yatakavyochambuliwa na hatua itakayofuata kila jibu, uandikwe na kuwekwa hadharani kabla dodoso la kwanza halijajazwa. Mganga au katibu aliyeweka sahihi mwezi Agosti kwamba tofauti isipoonekana fungu litahamishwa, atapata taabu kusema mwezi Februari kwamba hakuelewa swali. Hii haimzuii rais kumtengua mkurugenzi. Inafanya tu kufukia matokeo kuwe kitendo kinachoonekana, na leo hakionekani, maana matokeo mengi hufukiwa kwa kutosomwa.

Kuna uamuzi mkubwa mezani hivi sasa ambao ungeweza kupangwa hivyo. Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wenye lengo la kuwafikia wahudumu 137,294 katika miaka mitano, kwa awamu. Kuuliza kama wahudumu hawa wanafaa ni kupoteza muda, uamuzi umeshafanyika. Yapo maswali ambayo bado yako wazi, na tunajua yalipo kwa sababu Taasisi ya Afya Ifakara ilishawahi kuwajaribu wahudumu wanaolipwa mshahara Rufiji, Kilombero na Ulanga, katika mradi wa Connect, vijiji vikipangwa kwa kura. Kwa jumla, vifo vya watoto chini ya miaka mitano havikupungua kwa kiasi kinachothibitika, na uchambuzi ulielekeza kidole kwenye kukatika kwa dawa na vifaa. Mhudumu alikuwepo, mkoba ulikuwa mtupu. Tokeo hilo lingepaswa kuwa ukurasa wa kwanza wa mpango wa taifa: utafiti unaofuata upime kama mkoba unajaa, kama msimamizi anafika, kama rufaa ya mhudumu inapokelewa kituoni.

Na kwa kuwa mpango unakwenda kwa awamu, halmashauri zitakazotangulia ndani ya kila mkoa zingeweza kuchaguliwa kwa kura ya wazi, zinazosubiri zikawa za kulinganisha. Wengine husema hiyo ni kuwanyima watu huduma kwa ajili ya utafiti. Hakuna anayenyimwa. Wahudumu laki moja na ushee hawafunzwi wala kulipwa kwa siku moja, kwa hiyo lazima kuna watakaongoja. Kilichobaki ni kama foleni ipangwe kwa kura au kwa nguvu ya mbunge. Kura ikipigwa kabla mwongozo wa bajeti haujatoka, kila halmashauri itajua inangoja hadi lini. Vifo vya nyumbani vitahitaji wadodosaji wa kaya, na hiyo ni gharama ya kweli ya kuombewa fungu. Ila swali la mkoba linaweza kuanza kesho. Kila zahanati inayowagawia wahudumu vifaa ina leja, na leja inaonyesha siku ambazo kila dawa ilikuwa sifuri mwezi uliopita. Kinachokosekana ni jina la mtu wa halmashauri atakayeisoma kila mwezi, na idadi ya siku za sifuri ambayo ikifikiwa itamlazimu kuhamisha fedha.